Nusu kaputi kwa mwenye viungo legevu au presha inayoyumba: jinsi ya kujiandaa ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mtu anaweza kuishi Makete, Rungwe au Kilolo hadi wajukuu wamzunguke bila kupewa jina la ugonjwa wake. Anachojua ni kwamba bega humchomoka akinyanyua ndoo, michubuko humtokea asikumbuke alipojigonga, na ibada ikirefuka akiwa amesimama macho hujaa giza. Shuleni wenzake walimwita mpira. Nyumbani walisema ana damu kidogo, au wakasema mengine ambayo hayasemwi mbele ya wageni. Ameshayazoea yote. Halafu inafika siku anahitaji upasuaji: ngiri, uvimbe, kujifungua, mguu uliovunjwa na bodaboda.

Nafanya kazi ya usingizi huku huku kwetu, na msimamo wangu ni kwamba mtaalamu wa usingizi anaweza kukulinda hata kama ugonjwa wako haujapata jina. Vipimo vya vinasaba havipatikani kirahisi, na wengi hawatavipata kamwe. Dalili unazo, lakini, na ukimweleza kabla hujalala mezani atabadilisha mambo mengi: sindano, dawa, mkao, kiasi cha maji. Akizigundua dalili hizo dawa ikiwa imeshaingia, nafasi ya kubadilisha huwa imepungua sana.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Tishu unganishi ndiyo inayoushikilia mwili: kuta za mishipa ya damu, ngozi, kano, maungio, vali za moyo, hata lenzi ya jicho. Nguvu yake inatokana na protini kama kolajeni na fibrilini. Zikiwa na hitilafu, mwili unakuwa kama gunia la katani lililochakaa: linabeba mzigo kila siku, ila ukilivuta kwa kona linaachia. Humo zimo sindromu za Ehlers-Danlos, ambazo uainishaji wa kimataifa wa 2017 ulizigawa katika aina 13, na Marfan, iliyopewa jina la daktari Mfaransa Antoine Marfan aliyeieleza mwaka 1896 na ambayo humpata takriban mtu 1 kati ya 5,000. Hizo mtu huzaliwa nazo. Nyingine huja ukubwani kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe: lupasi, baridi yabisi, skleroderma.

Upande wa pili ni mfumo wa neva unaojiendesha, ule unaopandisha na kushusha presha, mapigo, jasho, tumbo na kibofu bila wewe kuuamuru. Unaweza kuyumba pamoja na viungo legevu, na unaweza kuharibika peke yake kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson, jeraha la uti wa mgongo au kisukari. Hicho cha mwisho ndicho ninachokutana nacho zaidi: mzee mwenye kisukari cha miaka mingi ambaye presha yake inaporomoka mara tu sindano ya mgongo inaposhika.

Hatua ya kwanza: jikague, ukiwa na mtu pembeni

Anza na viungo. Laza kiganja mezani, kisha unyanyue kidole kidogo kwa mkono wa pili. Kinarudi nyuma kupita nyuzi 90? Kidole gumba kinaweza kusukumwa hadi kiguse mkono upande wa ndani, kati ya kifundo na kiwiko? Viwiko na magoti vinapinda kwenda nyuma zaidi ya nyuzi 10 kupita mstari ulionyooka? Kila kiungo kina alama 1, kulia na kushoto. Mwisho simama, magoti yakiwa yamenyooka, uiname: viganja vikilala sakafuni, ongeza alama 1. Jumla ni 9. Mtu mzima wa chini ya miaka 50 akipata 5 au zaidi, huyo ana viungo legevu kwa kipimo cha Beighton.

Ulegevu peke yake si ugonjwa. Wapo wacheza ngoma na wanasarakasi wenye 9 kamili ambao hawajawahi kulalamika, na watoto wengi ni walegevu kwa asili yao. Uzito unakuja ulegevu ukiongozana na mengine: kuteguka mara kwa mara, makovu mapana yaliyokunjamana, ngozi inayovutika na kuchanika kirahisi, ngiri zinazorudi, kizazi kushuka katika umri mdogo, damu iliyokataa kukata baada ya kung'oa jino au kujifungua.

Kwa Marfan angalia urefu. Tandaza mikono: je, kutoka ncha hadi ncha ni mirefu waziwazi kuliko kimo chako? Kunja gumba ndani ya ngumi: ukucha wake unatokeza upande wa pili wa kiganja? Shika kifundo cha mkono: gumba na kidole kidogo vinapishana? Kifua kilichobonyea au kilichochomoza, uti wa mgongo uliopinda na lenzi ya jicho iliyohama ni dalili za kundi hilohilo. Kisha waulize wazee kama katika ukoo aliwahi kuwepo ndugu mrefu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, baada ya kushikwa na maumivu makali ya kifua au mgongo. Vifo vya namna hiyo hupewa maelezo mengi msibani. Wewe chukua tu umri, kimo na mahali palipouma.

Sasa presha. Lala chali dakika 10, mtu akupime presha na mapigo. Simama bila kuegemea ukuta wala kuchezesha miguu, mpime tena dakika ya 1, ya 3, ya 5 na ya 10. Macho yakianza kuingia giza, lala, usishindane. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko juu bila presha kuanguka, hiyo ndiyo sura ya hali inayoitwa POTS. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 19 tunasubiri ongezeko la 40. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3, hapo presha yenyewe inaanguka ukisimama. Lakini kabla hujajipa jina lolote, pima wingi wa damu na malaria. Upungufu wa damu, homa, kuharisha na ujauzito vyote vinaweza kukupa namba hizohizo.

Mwenye kisukari ajiulize zaidi. Anashiba haraka kuliko zamani, au anatapika chakula alichokula muda mrefu uliopita? Anatoka jasho jingi usoni akiwa anakula, huku miguu ikiwa mikavu? Sukari hushuka bila yeye kuhisi onyo lolote? Nguvu za kiume zimepotea? Hilo la mwisho wanaume hulificha, na bahati mbaya ni miongoni mwa viashiria vyetu vizuri.

Hatua ya pili: andika karatasi moja

Moja tu, kwa maandishi yanayosomeka. Faili zima halisomwi saa moja na nusu asubuhi. Iwe hivi:

"Bega la kulia huteguka, taya hukwama nikifungua mdomo sana. Msinivute mkono. Ganzi ya jino ilichelewa kushika na iliisha kabla ya kazi. Mapigo nikilala 72, nikisimama dakika 10 ni 118. Nilizimia nikitolewa damu. Plasta hunichuna ngozi. Natumia propranolol mg 20 mara mbili kwa siku. Baba mdogo, mrefu sana, alifariki ghafla na miaka 38, kifua na mgongo vilimuuma. Upasuaji uliopita: sindano ya mgongo, nilitapika, kichwa kiliniuma siku kadhaa kila nikikaa."

Usiandike "nina presha". Andika namba. Ongeza dawa za kienyeji kama unazitumia, bila aibu. Sisi hatupo pale kukusuta, tunataka kujua kama kuna kitu kitakachofanya damu isigande au presha ishuke.

Karatasi hiyo mpe mtu wa usingizi mwenyewe. Daktari wa upasuaji ni mtu mwingine, na yeye anawaza kisu. Huku kwetu mgonjwa mwenye heshima hunyamaza mbele ya mtaalamu, na heshima hiyo hapa inamdhuru. Mama mtu mzima akimwambia mtaalamu kijana, "Mwanangu, kabla hujanichoma, soma kwanza hii," hajakosa adabu.

Hatua ya tatu: pasuliwa mahali panapofaa

Vituo vya afya vingi sasa vinafanya upasuaji wa kujifungua, na hospitali za mashirika ya dini kama Ilembula, Ikonda na Tosamaganga zimebeba upasuaji wa ukanda huu kwa miaka mingi. Mwenye viungo legevu au POTS anaweza kufanyiwa upasuaji wa kawaida katika hospitali ya wilaya na akaenda nyumbani salama, mradi wamejua mapema.

Wapo ambao, kama si dharura, ningewapa rufaa kwanza. Mwenye sura ya Marfan asilazwe kwa upasuaji wa kupangwa kabla ya kupimwa moyo kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti, ili upana wa mzizi wa aota, mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, ujulikane. Ukikaribia milimita 50 madaktari wa moyo huanza kufikiria kuutengeneza huo kwanza, na kwa mwanamke anayetaka kubeba mimba milimita 45 tayari ni hatari kubwa. Mwenye ndugu waliopasukiwa na mshipa mkubwa, utumbo au kizazi, huenda ni wa aina ya Ehlers-Danlos inayoshambulia mishipa, na huyo ni wa kupanga na wataalamu kadhaa na damu iliyotayarishwa. Mwenye baridi yabisi ya muda mrefu anahitaji picha ya shingo, kwa kuwa mifupa miwili ya juu inaweza kuwa imelegea na kubana uti tunapoinamisha kichwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo ya kuanzia, na moyo ukihitaji kazi kubwa safari ni ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Vipimo vya kuganda kwa damu vikirudi vizuri visikudanganye. Katika magonjwa haya tatizo mara nyingi liko kwenye ukuta wa mshipa, na damu yenyewe haina kasoro. Omba kundi la damu lipimwe na chupa itafutwe, hata kama upasuaji unaitwa mdogo.

Hatua ya nne: zungumzeni aina ya usingizi

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko kwingine kote.

Sindano ya mgongo ndiyo chaguo letu la kwanza kwa karibu kila kazi ya chini ya kitovu, na ni chaguo zuri. Ila inafanya kazi mbili kwa mpigo: inaua maumivu, na inazima neva zinazoibana mishipa ya miguu. Damu inajaa miguuni, presha inashuka. Mtu wa kawaida mwili wake hujitetea. Mwenye neva zilizoharibiwa na kisukari hana cha kujitetea nacho. Dawa tulizozoea kupandishia presha nazo zinaweza kumchezea: efedrini, ambayo hutegemea akiba ya neva zenyewe, inaweza isifanye lolote, na zile zinazogusa mshipa moja kwa moja zinaweza kuruka kupita kiasi. Kwa hiyo dozi ziwe ndogo ndogo, dawa iwe imeshavutwa kwenye sirinji kabla ya sindano, dripu iwe inakimbia, na presha ipimwe kila dakika moja au mbili mwanzoni. Muulize mtaalamu wako waziwazi kama amejiandaa hivyo. Hatachukia, akichukia, nawe umejua jambo.

Kwa mwenye Ehlers-Danlos shaka ni nyingine. Ganzi inaweza kushika nusu, kushika upande mmoja, au kuisha mapema. Kwa wenye Marfan mfuko unaozunguka uti unaweza kuwa umetanuka sehemu ya kiuno, dawa ikapotelea humo na isipande inavyotakiwa. Na kwa makundi yote mawili kitobo cha sindano kinaweza kuendelea kuvuja, kichwa kikauma vibaya kila unapokaa na kutulia unapolala. Sindano nyembamba ya namba 25 au 27 yenye ncha ya penseli hupunguza hilo. Kabla ya kisu, watakujaribu kwa kitu cha baridi au chenye ncha. Kama bado unasikia makali, sema nasikia makali. Usikubali kuambiwa ni woga kabla hawajakujaribu tena.

Ganzi ya sehemu moja, ya jino au ya kidonda, inasumbua watu hawa vilevile. Suluhisho ni subira na dozi ya ziada, lakini ndani ya kikomo. Lidokaini isiyo na adrenalini ina kikomo cha takriban mg 3 hadi 4.5 kwa kila kilo ya uzito, kutegemea mwongozo unaofuatwa. Mtu wa kilo 60 anafika kikomo cha chini kwa mililita 9 tu za dawa ya asilimia 2. Ndiyo maana "niongezee, niongezee" isiyo na hesabu inaweza kuishia kwenye degedege. Ganzi ikikataa kabisa, njia nyingine ipangwe. Na kama ganzi ya meno ina adrenalini, mwenye POTS ataona moyo unakimbia kwa dakika chache. Aambiwe mapema asidhani anakufa.

Nusu kaputi inabaki. Propofoli, dawa ya kulaza, hushusha presha, basi isukumwe taratibu. Ketamini ndiyo imeokoa watu wengi katika hospitali zetu zenye vifaa vichache, kwa sababu hupandisha presha na mapigo na mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Lakini kupandisha huko ndiko tusikokutaka kwa mwenye aota iliyotanuka, na mwenye POTS mapigo yanaweza kumkimbia. Kwa mwenye neva zilizokufa ule msukumo tunaoutegemea unaweza usitokee kabisa. Hakuna dawa iliyopigwa marufuku moja kwa moja. Kinachotakiwa ni anayeitoa ajue anamtolea nani.

Mpira wa kupumulia ukiingizwa kooni, shingo iwe katikati, taya lisisukumwe kwa nguvu, mpira uwe mdogo kidogo kuliko kawaida, na asiwepo mtu wa kujaribu mara nne mfululizo. Njia ya puani iepukwe kama inawezekana, maana pua hizi hutoka damu. Mashine isisukume hewa kwa nguvu kubwa: mapafu ya mwenye Marfan yanaweza kupasuka na hewa ikajaa kifuani.

Baadhi ya wenye viungo legevu wana miili inayolipuka kwa vipele, kuwashwa, kubanwa kifua au presha kushuka wakipewa dawa fulani. Ukiwa miongoni mwao, taja kila dawa iliyowahi kukufanyia hivyo. Kati ya dawa zetu za kutuliza maumivu, mofini huamsha hali hiyo zaidi kuliko fentanili; kati ya zile za kulegeza misuli, atrakuriamu huiamsha zaidi kuliko rokuroniamu.

Hatua ya tano: dawa, chakula, maji na safari

"Kuanzia saa sita usiku usile wala kunywa chochote." Agizo hili ni jepesi kukumbuka, na kwa watu hawa linaumiza. Ukiingia thieta saa nane mchana, umekaa muda wa saa 14 bila hata tone la maji, na presha yako tayari ilikuwa inayumba. Miongozo ya kimataifa inataka chakula kizito chenye mafuta kikae muda wa saa 8 kabla ya usingizi, chakula chepesi saa 6, maziwa ya mama kwa mtoto saa 4, na maji au chai ya rangi saa 2. Chai ya maziwa, uji na togwa vinahesabiwa ni chakula. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hata kama ni mtogwa, ule mtamu ambao haujachacha, uachie msimu mwingine. Kwa hiyo omba ruhusa ya kunywa maji hadi ubaki muda wa saa 2 kabla ya usingizi, omba uwe wa kwanza kwenye orodha, na ukicheleweshwa omba utundikiwe dripu. Mwenye kisukari ambaye tumbo lake linachelewesha chakula asifuate hesabu hii. Yeye apangiwe yake.

Dawa za kutuliza mapigo kama propranolol na atenolol kwa kawaida huendelezwa hata asubuhi ya upasuaji, kwa funda la maji. Ukiziacha ghafla, moyo unaweza kukimbia vibaya. Fludrokotisoni, inayosaidia mwili kushika chumvi na presha, pia haiachwi. Dawa za presha ya kupanda kama enalapril na losartan mara nyingi tunaomba zisimame siku moja kabla. Insulini na vidonge vya sukari, usiamue mwenyewe. Na kama umetumia prednisolone mg 5 au zaidi kila siku kwa wiki 4 au zaidi, kwa lupasi au baridi yabisi, sema kwa sauti: mwili wako huenda umesahau kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na ukahitaji haidrokotisoni siku hiyo.

Kama unatoka Ludewa, Makete au Chunya, fika siku moja kabla. Kukaa kwenye basi muda mrefu, hunywi maji kwa kuogopa kuomba dereva asimame, kisha kuingia thieta moja kwa moja, ni kuanza upasuaji ukiwa umeshapoteza.

Hatua ya sita: asubuhi ya upasuaji na mezani

Vaa soksi, beba blanketi. Mwezi wa sita na wa saba vyumba vya upasuaji vya Mbeya na Njombe vina baridi ya kutosha kumtetemesha mzima, na mwenye skleroderma au lupasi ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe kwenye baridi atawasumbua wote: kipimo cha oksijeni cha kidoleni kitakataa kusoma. Waombe wakibane sikioni. Futa rangi ya kucha, na piko usipake wiki hizo.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji senti wala kifaa. Omba ujilaze mwenyewe mezani ukiwa bado macho. Weka mikono, shingo na magoti pale panapokustarehesha, waone, wakuwekee mito na pamba papo hapo. Ukishalala, misuli iliyokuwa inashikilia bega lako imelegea, na mtu akikuvuta mkono kuupanga ubaoni hutalalamika. Miguu ikipandishwa, ipandishwe yote miwili kwa pamoja. Kanula, yaani kimrija cha dripu, ifungwe kwa bandeji badala ya plasta, na macho yafunikwe bila kukandamizwa.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka mwaka 2008 ikiwa na vipengele 19, ina kituo cha kwanza kabla ya usingizi kutolewa. Wanapokuuliza jina lako na upasuaji gani, hapo ndipo pa kusema: "Na karatasi yangu mmeiona?"

Kuhusu aliyeumia uti wa mgongo. Wapo wengi ukanda huu: walioanguka kutoka kwenye miti ya mbao Mufindi, waliogongwa na pikipiki. Ndugu husema, na hata baadhi yetu husema, kwamba kwa kuwa hasikii chochote chini ya kifua basi hahitaji ganzi wala usingizi. Si kweli. Jeraha likiwa kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake, kibofu kilichojaa au kisu kinaweza kulipua presha hadi mshipa wa kichwani upasuke, huku mapigo yakishuka na uso ukiwaka jasho. Apewe ganzi au usingizi kama mwingine, na mpira wa mkojo ukaguliwe kama umeziba. Suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, nayo isitumike kwake baada ya siku chache za kwanza, maana huweza kupandisha potasiamu ghafla na kusimamisha moyo.

Ikiwa ni dharura

Hakuna karatasi, hakuna kliniki, ndugu anafika anahema. Basi mwambie mtu wa kwanza mwenye gauni la kijani: viungo vyake vinateguka, huzimia akisimama, aliwahi kutoka damu nyingi. Na jina la dawa anayotumia. Inatosha kuanzia. Kwa mjamzito ongeza kwamba uchungu wake huwa wa haraka, kama ndivyo ulivyokuwa mimba zilizopita, na kwamba baada ya kujifungua damu isisubiriwe kukata yenyewe.

Hatua ya saba: kuamka na kuinuka

Usiinuke kwa mara moja. Kichwa cha kitanda kinyanyuliwe kwanza, ukae hivyo dakika kadhaa. Kisha ukae pembeni ya kitanda miguu ikining'inia, uichezeshe. Kisha usimame umeshikwa. Nesi akiwa na haraka ya kukutembeza, mwambie upimwe presha ukiwa umekaa. Soksi za kubana husaidia kama unazo. Kichefuchefu kidhibitiwe mapema kwa ondansetroni, kwani kutapika ni kupoteza maji usiyokuwa nayo. Ukishaanza kunywa, kunywa kwelikweli, na supu yenye chumvi ni halali kwa mwenye POTS, ingawa kwa mwenye presha ya kupanda au figo si dawa.

Maumivu ya watu hawa ni ya kweli, na ganzi iliyowekwa kwenye kidonda inaweza kuisha mapema. Parasetamoli itolewe kwa saa zake bila kusubiri kilio. Diklofenaki iulizwe kwanza kwa mwenye figo dhaifu au anayevuja damu. Ukipita muda mrefu hujakojoa, sema.

Hatua ya nane: kidonda na kumbukumbu

Nyuzi zikitolewa siku ya 7 kama kwa mtu mwingine, kidonda cha mwenye Ehlers-Danlos kinaweza kuachia. Mara nyingi tunaziacha takriban mara mbili ya muda wa kawaida, na plasta inatolewa kwa maji au mafuta, polepole, ikivutwa sambamba na ngozi. Rudi hospitali haraka ukiona damu inayoendelea, kidonda kinachofunguka, kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala, au mguu uliovimba upande mmoja. Maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo kwa mwenye Marfan hayasubiri asubuhi.

Kabla ya kuondoka wodini, omba kuiona fomu ya usingizi na uipige picha kwa simu. Iwe na majina ya dawa na kiasi chake, ukubwa wa mpira uliopita kooni, sindano ya mgongo ilikuwa namba ngapi na kama ilishika, presha ya chini kabisa uliyofikia, na kilichoipandisha. Tuma nakala kwa ndugu mmoja anayekaa nawe. Karatasi ya hatua ya pili sasa iandikwe upya, hizo namba zikiwa juu kabisa.